Kiti cha Mbele Kabisa

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, watengeneza tovuti wa mji ule walikutana ghorofa ya pili, katika darasa la shule ya udereva. Kuta zilijaa alama za barabarani, na kando ya ubao kulikuwa na injini ya gari iliyopasuliwa ubavu ili wanafunzi waone ndani. Mgeni akifungua mlango kwa mara ya kwanza aliomba radhi na kutaka kurudi nje, mpaka mtu amwambie, "Ingia tu, ndiyo hapa."

Walikuwa watu kumi na wawili, siku ikiwa njema kumi na watano. Mmoja husimama mbele akaonyesha alichokitengeneza au kilichomshinda, wengine humuuliza maswali, kisha wote hunywa chai ya chupa wakiwa wamesimama, wakitaniana. Hayo tu. Lakini kwa mtu ambaye mwezi mzima kazini kwake hakuna hata mmoja anayeelewa anachokifanya, saa zile mbili zilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana.

Ndivyo zilivyokuwa kwa mwanamke waliyemwita Mabomba. Alikuwa na miaka arobaini na saba, hana mume, hana mtoto, na alifanya kazi idara ya maji. Yeye ndiye aliyetengeneza ule ukurasa ambao mkazi akiona bomba limepasuka mtaani anaandika mahali lilipo na maji yanavyotoka, na mafundi wanapelekwa. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya ghala la mita, na dirisha lake lilitazama rundo la mita mbovu. Huko alikaa peke yake mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina la Mabomba alilipata kwa sababu hakuweza kueleza jambo lolote bila kusema, "Chukulia hilo ni bomba." Taarifa zikikwama njiani, bomba. Kompyuta ikizidiwa na watu, bomba. Walimcheka mpaka jina likamganda, na yeye likampendeza.

Alikuwa mmoja wa wale watano walioanzisha mikutano. Miaka ile ya mwanzo mtu akikwama, wenzake walimwambia, "Muulize Mabomba," naye alikuwa akijibu kutoka kiti cha nyuma kabisa, miguu ameinyoosha, bila hata kuinua macho kwenye kompyuta yake. Sauti ya mtu yeyote chumbani ilimfikia pale alipo.

Kisha masikio yakaanza kumtoroka.

Hayakuondoka kwa kishindo. Yalianzia kwenye simu. Mama yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa akiishi na kaka yake mji mwingine, alimpigia kila Jumapili. Mabomba akawa anamwomba arudie, mara moja, mara mbili, ya tatu anaona haya na kujibu "Ee, mama," kwa lolote lile. Siku moja mama alimwuliza kama ameshapona mafua, naye akajibu ee, atayaleta akija. Mama akacheka kidogo, akasema basi, lala salama. Simu zikawa fupi. Kutoka nusu saa zikashuka hadi dakika tano.

Mkutanoni alianza kusogea. Kutoka safu ya nyuma akahamia ya katikati, ya katikati akaiacha, hata akafika kiti cha mbele kabisa, karibu na ile injini, magoti yake yakigusana na meza ya mzungumzaji. Wenzake walidhani ni ari. Mwenyekiti, mwanamume mpole aliyefanya kazi kiwanda cha uchapaji, alimsifu mbele ya watu: "Mwigeni Mabomba. Miaka yote hii na bado anakaa mbele kama mwanafunzi." Mabomba aliona wote wanamtazama wakitabasamu, akatabasamu pia. Alichosifiwa hakukijua mpaka aliposoma muhtasari.

Akajifunza hila za kila aina. Mada ikitangazwa, aliisoma wiki nzima nyumbani ili siku yenyewe abahatishe maneno. Alitazama midomo. Mzungumzaji akigeuka kuandika ubaoni, maneno yalikatika kama redio iliyoishiwa betri, naye alisubiri ageuke tena. Kicheko ndicho kilichomtesa. Watu wakicheka ilimbidi acheke, na lazima asichelewe, kwa hiyo aliacha kumtazama mzungumzaji akawa anageukageuka kuwatazama wenzake nyuma yake. Akiona mashavu yanaanza kupanda, naye huyo. Alirudi nyumbani taya zimechoka kwa kucheka asichokijua, akajilaza kitandani na nguo zake zote, kichwa kikimwanga.

Daktari alimweleza kwa kumwandikia kwenye karatasi. Ni mishipa ya ndani ya sikio, haitibiki, itaendelea kupungua taratibu. Alimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kwenye chumba kitupu kilimsaidia. Kwenye darasa la udereva kilimletea kelele za viti vikiburutwa, vijiko vya chai, feni na kikohozi cha mwenzao mmoja waliyemwita Fundi Rangi, vyote kwa nguvu sawa, na sauti za watu zikawa chini yake kama kitu kilichofunikwa blanketi. Alikivaa mikutano miwili akakiweka kwenye droo, pamoja na betri zake.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kule mkutanoni alikuwa yule wa kuulizwa. Mtu akiacha kuulizwa, hubaki nani?

Basi katika kikundi kile kulikuwa na dada mmoja wa miaka thelathini hivi waliyemwita Kaunta, kwa sababu alifanya kazi benki, ingawa kaunta yenyewe hakuwahi kukaa hata siku moja. Alikaa ghorofa ya juu akitunza tovuti ya benki. Alikuwa mwenye maneno machache, na katika wote ndiye aliyependa kusimama na Mabomba wakati wa chai. Mwezi mmoja alimwambia kwamba baba yake, anayeishi mbali sana, amekubali hatimaye kuja kumtembelea. Alimwambia wakiwa wawili tu karibu na dirisha, na Mabomba aliyapata maneno yote. Miaka sita hawajaonana, alisema. Baba haamini mabasi, haamini ndege, lakini safari hii amekubali. Uso wa Kaunta ulikuwa umejaa nuru. Mabomba akafurahi naye, akafurahi pia kwamba amesikia.

Mkutano uliofuata Kaunta alichelewa. Aliingia watu wakiwa wamekwisha kusimama kwa chai, viti vikiburutwa, wengine wakitafuta vikombe. Alikuja moja kwa moja kwa Mabomba. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja ukichezea mkanda wa mkoba.

"Dada, baba alifariki juzi."

Mabomba alisikia: baba alifika juzi.

Akatabasamu kwa moyo wake wote. Akamshika mabega. "Afadhali," alisema, na kwa kuwa siku hizo hakujua tena kupima sauti yake, alisema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Ulimngoja sana. Sasa roho yako itatulia. Atakaa siku ngapi?"

Kaunta alimtazama. Mabomba aliona macho yale yakimtoka, midomo ikifunguka bila kusema kitu. Akadhani amezidiwa na furaha. Akaongeza, "Mwambie Jumapili nitakuja kumwona."

Kaunta aligeuka akatoka. Mlango ulijifunga nyuma yake. Mabomba alipotazama huku na huku aliona watu wamesimama na vikombe vyao hewani, wakimkodolea macho, na hakuna shavu lililopanda. Mwenyekiti akamsogelea na kusema kitu haraka haraka, kisha akatoka mbio kumfuata Kaunta. Fundi Rangi, kijana wa umri wa Kaunta aliyepamba kurasa za watu kwa rangi, alitikisa kichwa na kumpa mgongo.

Mabomba alijua kuna kitu amekivunja. Hakujua ni kitu gani. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, kwa kuwa hakujua afanye nini na kikombe, akashuka ngazi peke yake.

Jumatatu asubuhi, akiwa kazini, alifungua simu akakuta tangazo la Mwenyekiti kwenye kundi la meseji. Mwenzetu amefiwa na baba yake mzazi Alhamisi iliyopita, alipokuwa akijiandaa kwa safari ya kuja kumwona. Mazishi yamekwisha kufanyika huko huko. Tuwe naye karibu.

Alisoma mara moja tu. Aliinuka akafunga mlango wa chumba chake, akaketi tena, akatazama rundo la mita. Maneno yale aliyoyasema yalimrudia moja moja. Afadhali. Ulimngoja sana. Sasa roho yako itatulia.

Aliandika ujumbe: Mdogo wangu, samahani, sikusikia. Akaufuta. Nani angeamini kwamba mtu aliyekaa mbele kabisa miaka miwili hasikii? Akaandika mwingine mrefu, akaufuta nao. Mchana ukaingia, jioni ikaingia, taarifa za mabomba yaliyopasuka zikaendelea kujipanga kwenye kompyuta, naye akazijibu zote.

Jumamosi ya mwezi uliofuata hakwenda. Wala iliyofuata. Wala ya tatu. Mwenyekiti alimwandikia kumwuliza hali, akajibu kazi zimembana. Haikuwa kweli. Jumamosi hizo alifua nguo zilizokwisha fuliwa, ikifika saa kumi anakaa kwenye kiti cha jikoni akitazama saa ya ukutani, akijua sasa hivi wanaunganisha projekta, sasa hivi Mwenyekiti anaomba ukimya, sasa hivi wanacheka. Kazini hakuna aliyegundua lolote, kwa kuwa kila kitu kilimfikia kwa maandishi. Kulikuwa na wiki ambayo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hakutamka maneno kumi. Alijihesabia mwenyewe. Matano yalikuwa "asante" kwa mwanamke wa duka la mkate.

Jumapili moja mama hakupiga simu. Kaka yake akaandika: "Mama anasema uhangaike tu na kazi zako, hataki kukuchosha. Dada, una nini na mama?"

Mabomba akaomba likizo ya siku tatu akapanda basi.

Mama alimpokea vizuri, lakini kwa adabu, kama mtu anavyompokea mgeni wa ofisi. Asubuhi ya pili walikuwa jikoni. Mama alikuwa akiosha vyombo, mgongo kwa binti yake; Mabomba akikatakata vitunguu mezani. Ghafla mama aligeuka, mikono ikichuruzika povu.

"Nimekuuliza jambo lile lile mara nne," alisema. "Umetia pamba masikioni? Kama una kinyongo na mimi, kiseme. Mimi ni mzee, sitaki kununiwa mpaka nife."

Hayo Mabomba aliyapata yote, maana mama alikuwa amemkabili na alitamka kama anayesomea darasa imla. Akaweka kisu chini.

"Sina kinyongo, mama. Sisikii."

"Husikii nini?"

"Wewe ukinipa mgongo sikusikii. Kwenye simu ndiyo kabisa. Mwaka wa nne huu. Nilikuwa nasema ee, ee, kwa kubahatisha."

Mama alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamshika kidevu kama alivyomshika alipokuwa mdogo na meno yanang'oka.

"Kumbe," alisema. "Miezi yote hii nalala na uchungu, nasema mtoto wangu amenichoka."

"Hapana, mama."

"Darasani kwangu nilikuwa na watoto wasiosikia vizuri. Niliwajua wiki ya kwanza. Niliwajua kwa jinsi walivyotazama wenzao kabla ya kucheka." Akatikisa kichwa. "Wangu mwenyewe sikumjua."

Tangu hapo mama hakupiga simu tena. Kila Jumapili aliandika, na aliandika kama alivyofundisha, kwa vituo na herufi kubwa mahali pake. *Mwanangu mpendwa, Natumai u mzima. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu. Katika barua yako ya juzi umeandika "hii mambo". Mambo hayo, mwanangu, si hii.* Mabomba alicheka peke yake jikoni, kicheko cha kweli, kikamshtua.

Alipotoka kwa mama alijipiga moyo konde. Jumamosi moja asubuhi alikwenda nyumbani kwa Kaunta, nyuma ya kiwanda cha magodoro, akabisha hodi. Kaunta alifungua mlango, akabaki ameushika.

"Karibu," alisema.

Sebuleni Mabomba aliomba wakae karibu na dirisha. "Nataka niuone uso wako," alisema. "Si kwa ubaya." Kaunta alikaa alipoelekezwa, mikono mapajani.

"Nimekuwa nikijiuliza nilikukosea nini," Kaunta alisema.

"Hujanikosea kitu."

"Nilikwambia baba amefariki, ukacheka."

"Nilisikia amefika."

Kaunta alimkazia macho.

"Masikio yangu ni mabovu, mdogo wangu. Si siku ile tu. Ukiniambia jambo watu wakiwa wengi, napata nusu, nusu nyingine najitungia. Siku ile nilitunga nilichokitaka. Mwezi uliotangulia uliniambia anakuja, basi kichwa changu kikamleta."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Miaka minne, na kila mwezi unakuja mkutanoni?"

"Nakuja."

"Kufanya nini, kama husikii?"

Swali hilo Mabomba hakuwahi kuulizwa, wala kujiuliza. Alitazama mikono yake.

"Kukaa na watu," alisema.

Kaunta aligeukia dirishani, na kwa muda Mabomba hakuweza kujua kama anaongea au la. Alipougeuza uso tena ulikuwa umelowa.

"Nilidhani unanikejeli," alisema taratibu. "Kisha nikadhani una kichaa. Hili halikunijia kabisa." Akajifuta kwa kiganja. "Tiketi alikuwa ameshakata. Waliniletea mkoba wake, nikaikuta ndani."

"Pole, mdogo wangu. Hii ndiyo pole yangu, imechelewa."

"Imefika. Ila sitaki nikudanganye, dada. Nikikumbuka siku ile, bado nakuona unatabasamu. Najua sasa kwa nini, lakini bado nakuona."

"Naelewa."

Walikunywa maji. Hawakuwa na mengi ya kuongeza. Mlangoni Mabomba aliuliza kama Kaunta atawaambia wenzao, naye akasema hilo ni lake mwenyewe Mabomba, aseme akitaka, asiseme akitaka.

Akataka. Lakini kusimama tu na kusema "sisikii" kulimwia vigumu kuliko kutengeneza kitu, basi akatengeneza. Kwa wiki tatu, kila akitoka kazini, alikaa mezani kwake akiandika programu. Ulikuwa ukurasa mwepesi: mtu mmoja anachapa kwenye kompyuta yake yanayosemwa, na maneno yanatokea hapo hapo kwa herufi kubwa kwenye simu au kompyuta ya yeyote aliyeufungua. Hakuna ufundi mkubwa ndani yake. Chukulia ni bomba: huku maneno yanaingia, huku yanatoka.

Siku ya mkutano aliomba dakika kumi. Aliunganisha projekta, akamkabidhi Katibu kompyuta yake. Katibu alikuwa mwanamume wa makamo aliyewahi kuwa mpiga chapa mahakamani kabla ya kuhamia kwenye tovuti, na vidole vyake vilikimbia kuliko ulimi wa mtu yeyote. Mabomba akaeleza: anayesikia aandike, asiyesikia asome.

Fundi Rangi aliinua mkono. Midomo yake ilichezacheza, na ukutani, juu ya alama ya kusimama, maneno yakajipanga: *Kizuri, ila kinamfaa nani? Hapa asiyesikia ni nani?*

"Ni mimi," Mabomba alisema.

Alingoja maneno yatokee ukutani. Hayakutokea. Alipotazama nyuso aliona hakuna mdomo unaocheza, akajua kumenyamaza. Kaunta alikuwa nyuma, kwenye safu ile ile ambayo zamani ilikuwa ya Mabomba, akitazama sakafu. Kisha Mwenyekiti akasimama, na Katibu akachapa: *Mwenyekiti anasema tusameheane. Anasema alikusifu kwa kukaa mbele, sasa anaona aibu.* Na chini yake, *Fundi Rangi anasema hizo herufi zako ni mbaya sana, mpe siku mbili.*

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alicheka mkutanoni kwa kitu alichokijua. Fundi Rangi kweli aliupamba ule ukurasa, herufi za kila msemaji kwa rangi yake, na miezi mitano iliyofuata ilikuwa miezi mizuri. Katibu aliandika kila kitu. Aliandika swali, jibu, kikohozi, hata *mlango umegonga, ni upepo*. Mabomba aliulizwa tena, akajibu tena.

Kisha Katibu akapata kazi mji mwingine, akahama. Kuchapa kukawa kwa zamu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kupwaya. Hakuna aliyekataa, ila kuandika maneno ya watu saa mbili mfululizo ni kazi, na kila mwenye zamu alitaka pia kusikiliza kilichomleta. Sentensi zikawa maneno. *Anaeleza kuhusu kasi ya kurasa. Bado kasi. Kuna ubishi.* Mabomba alishukuru kwa hayo hayo. Chumba kizima mabega yanatikisika, Mwenyekiti amejishika mbavu, na yeye anatazama kioo cha simu yake, ambako neno moja linatokea.

*Wanacheka.*

Wakati mwingine aliuliza, wamechekea nini? Mwenye zamu alifikiri, akaandika, *Ah, utani tu, ungekuwepo ungecheka.* Kwa haraka aliandika hivyo bila kuona alichoandika. Mabomba hakumlaumu yeyote. Hakuacha kwenda. Ila aliacha kukimbiza vicheko. Watu wakicheka alikaa tu, uso umetulia, na hilo lilimpumzisha taya hata kama halikumpa mengine.

Siku moja ya Jumamosi, mvua ikiwa imetoka kukatika, mwenye zamu hakuja na mwenzake alikuwa mgonjwa, na mzungumzaji alikuwa mgeni mwenye ndevu nzito zilizofunika midomo. Ukurasa ulikaa mtupu saa mbili nzima. Mabomba alikaa. Alitazama mikono ya mgeni ikichora hewani, akatazama wenzake wakiandika, wakiitikia, wakichekeshwa, wakipinga. Alijaribu kukisia, akaacha kukisia. Walipomaliza alisaidia kukunja nyaya.

Kaunta alishuka naye ngazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba yake afariki. Wakatembea pamoja kando ya barabara yenye madimbwi, bega kwa bega, hivi kwamba Mabomba hakuuona uso wake ila kwa ubavu. Aliona shavu likicheza. Aliona mkono ukipanda na kushuka, kama wa mtu anayepima urefu wa kitu. Kaunta, yule wa maneno machache, aliongea kutoka mlango wa shule ya udereva, akapita duka la matairi, akapita ukuta wa kiwanda, bila kupumzika. Mabomba hakumsimamisha.

Walipofika mahali njia zinapoachana, Kaunta alisimama na kumgeukia, akashtuka kidogo, kama aliyekumbuka kitu.

"Nimeongea njia nzima," alisema.

"Nimeona."

"Kwa nini hukuniambia nisimame?"

"Ulionekana unahitaji kuongea."

Kaunta aling'ata mdomo. "Nilikuwa nasimulia mambo ya baba. Alivyokuwa."

"Basi nisimulie tena. Nakutazama sasa."

Kaunta alifungua kinywa, akakifunga. Alitazama barabara, akatazama mawingu. Mabomba aliona jinsi anavyojaribu, na jinsi maneno yale, yaliyokwisha kutoka mara moja, yanavyokataa kurudi.

"Siku nyingine, dada," alisema, kwa kuyatamka vizuri, silabi moja moja. "Ni marefu."

"Siku nyingine," Mabomba alikubali.

Kaunta alimbana mkono, akavuka barabara akikwepa madimbwi. Mabomba alimtazama mpaka alipopinda kona. Magari yalipita, watu wakampita huku na huku na miavuli yao iliyofungwa, wakiongea. Alisimama pale kidogo, kisha akashika njia yake.